Rivolva tatu za babu: ipi Smith & Wesson kweli na ipi imeazima jina la risasi

Swali lenyewe nalifupisha, lilikuwa refu: "Shikamoo mtaalamu. Babu mzaa baba alifariki mwaka jana, juzi tumefungua sanduku lake tukakuta rivolva tatu zimeviringishwa kwenye matambara ya mafuta. Ya kwanza nzito, ya kijivu imepauka, ina pete kwenye kitako na chini yake imegongwa V na tarakimu sita. Ya pili inang'aa kama kijiko, inakunjika katikati, kwenye mpini ina kichwa cha bundi na juu ya mtutu kuna tarehe za patent, ya mwisho inaishia na 96. Ya tatu ndogo kama ya kuchezea, triga yake inakunjwa, haina jina lolote zaidi ya kiduara kimeandikwa ELG. Kaka anasema inayong'aa ndo Smith & Wesson na ndo mali, kwa sababu paketi ya risasi tuliyoikuta imeandikwa .38 S&W, hiyo ya kijivu anasema ni chuma chakavu. Nataka nizipitishie msasa laini herufi zitoke vizuri nikupigie picha. Ni za mwaka gani, na nani kazitengeneza?"

Marahaba. Kabla ya yote, msasa weka chini. Sio ukimaliza kusoma, sasa hivi.

Ntakwambia kwa nini nakuwa mkali hivi. Nilipokuwa naanza hii kazi nililetewa rivolva ya Kifaransa ya modeli 1892, imejaa kutu nyekundu, na mimi na ujuaji wangu wa ujana nikaona niipendezeshe kwanza. Rivolva zile mwaka wa kutengenezwa umegongwa ubavuni mwa mtutu upande wa kulia, herufi na tarakimu nyembamba kabisa. Nikasugua, ikang'aa, mwenyewe nikafurahi, kuja kugeuza upande wa kulia naona palipokuwa na mwaka pamebaki kivuli tu. Silaha ilidumu na mwaka wake karne nzima mimi nikaufuta kwa nusu saa. Na hata ukiacha maandishi, mkusanyaji anaweza kuvumilia chuma kilichochakaa chenyewe lakini hawezi kuvumilia kilichosuguliwa, bei inashuka vibaya mno. Kwahiyo mafuta mepesi ya mashine na kitambaa cha pamba basi, hakuna msasa, hakuna stili waya, hakuna dawa ya kung'arishia vyombo.

Na hayo maandishi yasiyosomeka yana njia yake. Zima taa ya chumba, washa tochi na uilaze ubavuni kabisa, mwanga upite juu ya chuma kwa kulala kama jua la jioni, herufi zitajitokeza zenyewe kwa kivuli chake. Zikigoma sugua chaki nyeupe taratibu kwa kidole, unga unabaki ndani ya herufi na juu unapangusa.

Sasa usalama, na hapa usiniruke. Bastola zote tatu zichukulie zina risasi mpaka jicho lako lione kila chemba ina mwanga upande wa pili, sio kaka kasema babu hakuwahi kuweka risasi. Ya kijivu ina kitufe cha dole gumba upande wa kushoto nyuma ya silinda, ukikisukuma kwenda mbele silinda inatoka pembeni kushoto. Ya bundi unashika lachi ya juu mbele ya nyundo unainyanyua, mtutu unainama chini na kile chuma cha nyota katikati ya silinda kinajitokeza chenyewe kutupa maganda, usishtuke. Hiyo ndogo nyingi zina kimlango kidogo upande wa kulia nyuma ya silinda, unakifungua unazungusha silinda chemba moja moja ukiangalia. Mdomo wa mtutu muda wote uangalie pasipo na mtu, kidole kiwe mbali na triga. Kitu kikikataa kufunguka kiache kimekataa, usichukue koleo, funika mpelekee fundi silaha. Alafu usiwe unafyatua fyatua ikiwa tupu eti usikie mlio, pini na springi za miaka mia zinavunjika na spea zake zimeshaisha duniani. Na ile paketi ya risasi usiijaribu na usiitupe kwenye taka wala motoni, iweke pembeni peke yake, watakaokuja kuandikisha silaha ndo hao hao uwaulize pa kuipeleka.

Hapo kwenye kuandikisha. Kila nchi na sheria yake lakini karibu kote silaha haihami kwa urithi tu kama kiti na kabati, leseni ya marehemu inakufa na marehemu. Wapigie simu polisi au ofisi ya leseni za silaha ya hapo ulipo, waeleze mmekuta nini na kiko wapi, wao wakwambie kama wanakuja au unapeleka na unapelekaje. Usitokee kaunta ya polisi na rivolva mkononi, nadhani sina haja ya kueleza kwa nini. Na usidhani ukongwe unakusamehe, maana hata nchi zenye msamaha kwa silaha za kale zina mstari wao, kwa mfano Marekani sheria ya taifa inahesabu ya kale ni iliyotengenezwa mwaka 1898 kurudi nyuma, ya mwaka mmoja mbele yake tayari ni silaha kama silaha nyingine. Kwahiyo mwaka unaoniuliza una kazi zaidi ya kumridhisha kaka yako.

Haya tuje kwenye utambuzi wenyewe. Makosa ya karibu kila mtu anayerithi rivolva ni kuanza na maandishi, anatafuta neno analolijua, akiliona basi kesi imeisha. Mimi maandishi nayaweka mwisho. Naanza na inavyofunguka, kwa sababu umbo halijui kudanganya. Kama haifunguki kabisa na nyuma ya silinda kuna vichuchu vya kuvalisha fataki, hiyo ni ya zama kabla ya risasi ya ganda, enzi za Colt wa mwanzo, mtengenezaji wa Marekani, patent yake, yaani haki ya ubunifu, ilikuwa 1836. Au ni kopi ya juzi tu, maana Waitaliano wametengeneza kopi nyingi mno za Colt za namna hiyo kuanzia miaka ya hamsini na kuendelea, mtu anakuja kifua mbele na Colt ya 1851, tukigeuza chini tunakuta maneno ya baruti nyeusi peke yake na kikasha kidogo chenye namba za Kirumi au herufi mbili, ndo mwaka wa Mtaliano huo. Kama silinda ina mikato midogo ukingoni, kila chemba na mkato wake, hizo ni za risasi yenye kipini kilichochomoza pembeni, mambo ya Lefaucheux wa Ufaransa na wafuasi wake. Kama ina kimlango cha pembeni na fremu haikunjiki ni ukoo mpana sana, kuanzia Colt ya 1873 ya kwenye picha za wachunga ng'ombe mpaka vibastola vya Ubelgiji. Hata Nagant ya Urusi ya 1895 iko humo, hiyo utaitambua kwa kuhesabu tu, chemba saba, na ukivuta nyundo silinda nzima inasogea mbele kuukumbatia mtutu.

Zinazokunjika katikati Smith & Wesson aliziingiza sokoni kwa kishindo mwaka 1870, Webley wa Uingereza akaingiza yake jeshini 1887, na Waingereza hawakuiacha staili hiyo hata walipokuja na Enfield ya 1932. Na zinazotoa silinda pembeni ndo zilizoshinda mbio, za Marekani zinaanza mwishoni mwa miaka ya 1880. Hapa kuna kamtihani kadogo nakapenda: kati ya hizo za silinda ya pembeni, Smith & Wesson kitufe chake kinasukumwa mbele na silinda inazunguka kwenda kushoto ukiwa umeishika, Colt za karne ya ishirini kitufe kinavutwa nyuma na silinda inazunguka kulia. Hujasoma herufi hata moja na tayari umetenganisha viwanda viwili vikubwa. Kwa nini nasema anza hivyo? Kwa sababu kopi za Kihispania kutoka mji wa Eibar, na ziko nyingi kweli kweli, zimevaa sura ya Smith & Wesson mpaka nembo ya herufi zilizofumana, alafu juu ya mtutu zinaandika sentensi ndefu ya Kiingereza cha kuungaunga, maana yake tumia risasi za Smith & Wesson ndo zinakaa vizuri, ila hilo jina la Smith & Wesson wanaliandika kwa madaha utadhani ndo mtengenezaji. Sio uongo kisheria labda, lakini nia yake unaiona.

Na ndo hapo kaka yako alipoteleza. .38 S&W ni jina la risasi. Smith & Wesson alibuni hiyo risasi, dunia nzima ikaitumia, viwanda chungu nzima Marekani, Ubelgiji, Hispania vikatengeneza bastola za kuimeza, na ukiona kwenye mtutu maneno S&W yakifuatwa na CTG basi CTG ni ufupisho wa neno risasi. Ni sawa na kuikuta redio ina betri za kampuni fulani ukasema redio ni ya kampuni hiyo.

Basi ile inayong'aa ni Iver Johnson. Kichwa cha bundi kwenye mpini ndo saini yao, kiwanda kilikuwa Fitchburg, Massachusetts, na walizitengeneza nyingi sana, bastola ya mtu wa kawaida, ya kuweka droo ya dukani. Zilikuwa rahisi na zilikuwa kila mahali, kiasi kwamba aliyempiga risasi Rais McKinley wa Marekani mwaka 1901 alitumia Iver Johnson ya kaliba .32 ya kununua dukani. Ila rahisi sio maana yake ya kijinga. Ndani wana kitu kizuri, nyundo haigusi pini ya kulipua mpaka uvute triga, ukivuta ndo kinapanda kichuma katikati kinapokea pigo la nyundo na kulipeleka kwenye pini, na matangazo yao yalikuwa yanajisifu unaweza kuigonga hiyo nyundo kwa nyundo na risasi isitoke. Usijaribu. Wao walikuwa wanauza, wewe unarithi.

Mwaka je? Hiyo 96 sio mwaka wa kuzaliwa kwake, ni tarehe ya patent, yaani kabla ya hapo haiwezi kuwa lakini baada ya hapo inaweza kuwa miaka mingi tu, kiwanda kinaendelea kugonga tarehe zile zile maana patent bado ni yao. Kosa hili nakutana nalo karibu kila wiki. Kwenye Iver Johnson swali la maana ni moja, ni ya kabla ya 1909 au kuanzia 1909, kwa sababu za mwanzo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi na mwaka 1909 ndo wakatoa modeli iliyoimarishwa kwa baruti isiyo na moshi. Utajuaje? Fundi akivua vibao vya mpini, springi kuu ya ndani ikiwa bapa kama ulimi wa kiatu ni ya zamani, ikiwa ya kujikunja kama ya kalamu ya kubofya ni ya 1909 na kuendelea. Kuna wanaosoma bundi anaangalia wapi, akitazama mbele upande wa mtutu ni ya zamani, akitazama nyuma ni mpya. Inasaidia, ila mimi siitegemei peke yake kwa sababu vibao vya mpini ni kitu cha kwanza kuvunjika na cha kwanza kubadilishwa, unaweza kukuta bundi wa mwaka huu kwenye mwili wa mwaka ule. Springi hainaga mambo hayo.

Hii tofauti ya baruti sio ya wakusanyaji tu kubishania. Baruti isiyo na moshi inasukuma kwa presha tofauti kabisa na nyeusi, na chuma cha bastola za bei rahisi za karne ya 19 hakikupikwa kwa hiyo presha. Risasi za leo zinaingia kwenye chemba vizuri tu, kuingia sio ruhusa. Kwahiyo hiyo ya bundi hata kama ni ya baada ya 1909 mimi ningeiacha ipumzike, lachi zake za juu huwa zimelegea kwa uzee, ukiishika mtutu ukautikisa unasikia unacheza.

Na kung'aa kwake? Ni nikeli, zilikuwa zinatoka kiwandani hivyo hivyo. Swali ni kama nikeli ni ya kiwandani au ya fundi wa baadae. Angalia kingo za herufi kama ni kali au zimeyeyuka kama sabuni iliyotumika, angalia matundu ya skrubu kama yamebaki wima au yamekuwa kama vifaneli, hayo mawili yakiharibika ujue ilisuguliwa ikachovywa upya. Angalia pia kilinzi cha triga na nyundo. Viwanda vingi vya Marekani, Smith & Wesson akiwemo, kwenye bastola ya nikeli vilikuwa vinaacha nyundo na triga na rangi yake ya chuma kilichopikwa, na kwenye hizi za kukunjika kilinzi cha triga mara nyingi kilipakwa bluu. Ukikuta kila kitu kinang'aa mpaka nyundo, mkono wa fundi umepita hapo.

Sasa tuje kwa chuma chakavu.

Herufi V na tarakimu sita chini ya kitako, pete ya kamba, rangi ya kijivu isiyong'aa, hapo hata nisingehitaji picha. Hiyo ndo Smith & Wesson ya sandukuni kwenu. Wanaiita Victory, na V ni ya ushindi. Ilikuwa hivi, bastola yao ya .38 ya jeshi na polisi ilianza 1899, ikauzwa na kuuzwa mpaka namba zikafika milioni mwaka 1942 vita vya pili vikiwa vimepamba moto, wakaanza upya mfululizo wenye V mbele ukaenda mpaka 1945. Kwahiyo mwaka wa babu uko humo ndani, 1942 mpaka 1945, na namba kamili inaweza kupunguza zaidi. Ule upauko ulioifanya kaka aidharau ni wa kiwandani, wakati wa vita hakuna mtu alikuwa na muda wa kung'arisha chuma, walikitia dawa ya fosfati basi, na vibao vya mpini ni mti mtupu bila mapambo.

Upime mtutu, sio silaha yote, mtutu peke yake kuanzia usawa wa mbele ya silinda mpaka mdomoni. Inchi 5, yaani kama sentimita 12.7, ndo zilizokwenda kwa Waingereza na washirika wao, hizo zinakula .38 S&W, risasi ambayo Waingereza wao wanaiita .380. Inchi 4 nyingi zilibaki kwa Wamarekani hasa jeshi la majini, na hizo ni .38 Special, ambayo ni risasi nyingine kabisa. Nasema nyingine kabisa kwa kusisitiza kwa sababu majina yanafanana na watu wanazichanganya. Special ni ndefu zaidi na nyembamba kidogo, S&W ni fupi na nene. Angalia pia ukanda wa chuma unaopita juu ya silinda, upande wa kushoto unaweza kukuta maneno ya mali ya Marekani, na mara nyingine herufi G.H.D., hizo ni za ofisa mkaguzi wa jeshi, sio za babu wala za mtu aliyeiiba, niliwahi kuulizwa hilo.

Hizi za Waingereza zina ugonjwa mmoja lazima nikutajie. Baada ya vita ziliuzwa kwa maelfu, na wafanyabiashara wakaona risasi ya .38 S&W haina soko wakazichonga chemba ziwe ndefu zipokee .38 Special. Sasa fikiria, chemba ilikuwa nene kwa ajili ya risasi nene, wameirefusha tu, risasi nyembamba inakaa imelegea mle nyuma, ikilipuka ganda linavimba na mengine yanapasuka. Mtutu wakati mwingine nao wakaukata ufupike. Kwa mkusanyaji silaha hiyo imeshaharibika, kwa mpigaji haina raha, na utaikuta mtaani imejaa. Fundi silaha ataangalia ndani ya chemba kama kuna ngazi mahali pake au imechongwa moja kwa moja, ni kazi ya dakika moja. Kama chemba hazijaguswa na mtutu una urefu wake, mwambie kaka akae chini kwanza kabla hujamwambia.

Kingine ni namba kufanana. Kwenye Victory namba ya chini ya kitako inatakiwa ijirudie nyuma ya silinda, chini ya mtutu kwenye ile sehemu bapa inapolala fimbo ya kutolea maganda, na ndani ya kibao cha mpini cha kulia. Zikiwa sawa zote basi hiyo silaha imezeeka na viungo vyake. Lakini ukifungua silinda utakuta namba nyingine pale kwenye bawaba, watu hushangilia hiyo wakidhani ndo namba ya silaha, wanaiandika mpaka kwenye fomu za polisi. Ile ni namba ya mafundi wa kiwandani ya kuweka vipande pamoja wakati wa kuunganisha, haina kazi nyingine. Namba yako ni ya kwenye kitako, na V ni sehemu ya namba, usiiache. Ikitanguliwa na S, yaani SV, ina habari yake. Kulikuwa na ajali, rivolva ilidondoka kwenye sitaha ya meli ya Marekani ikafyatuka ikaua baharia, kiwanda kikabuni kizuizi kipya cha nyundo, na zenye S ndo zenye kizuizi hicho. Zenye V tupu zina kizuizi cha zamani kinachoweza kuganda na mafuta ya miaka themanini. Yenu ni V tupu kwa maelezo yako. Kwahiyo isikae na risasi, isidondoke.

Smith & Wesson wana taasisi yao ya historia inayotafuta kwenye vitabu vya kiwanda namba yako ilitoka tarehe gani ikapelekwa wapi, unalipia unatumiwa barua. Kwa hii ningelipia. Kwa ile ya bundi usihangaike.

Kadogo ka tatu ndo kanikosesha usingizi kidogo, kwa furaha lakini. Triga ya kukunjwa, hakuna kilinzi, hakuna jina. ELG ndani ya duara la yai ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji, mji ambao wamepima mitutu tangu 1672. Huo sio muhuri wa mtengenezaji, ni wa ofisi ya kupima, wanafyatua kwa baruti nyingi kuliko kawaida, isipopasuka wanagonga muhuri. Juu ya hilo duara angalia kwa lenzi kama kuna kitaji. Kipo, ni baada ya 1893. Hakipo, ni kabla. Kidogo kama punje ya mtama, na usipokiona mara ya kwanza tumia ile tochi ya kulala. Pia tafuta herufi yenye kinyota juu yake, hiyo ni ya mkaguzi, inatumika tangu 1877. Ukikuta kisimba na herufi PV hapo ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Kwahiyo silaha isiyo na jina imekupa kipindi chake kwa mihuri mitatu midogo, wakati ile yenye tarehe kubwa juu ya mtutu imekupoteza.

Jina la mtengenezaji hapa pengine halitapatikana na usisikitike. Liège ilikuwa na karakana ndogo ndogo mamia, huyu anachonga fremu nyumbani kwake, yule silinda, mwingine anaunganisha, zinauzwa bila jina kwa maduka ya nje nao wanagonga lao wakitaka. Tunachoweza kupata ni aina. Na hapo nakuomba upime silinda. Ikiwa ndefu kuliko ulivyotegemea kwa kibastola kidogo namna hiyo, kama sentimita tatu na kitu, kuna uwezekano mkubwa ni velodogi, uzao wa Galand, mtengenezaji silaha wa Paris, miaka ya 1890, risasi ya milimita 5.75 nyembamba ndefu kama kijiti, na kazi yake ilikuwa waendesha baiskeli kuwatishia mbwa wanaowakimbiza barabarani. Sio utani, ndo jina lenyewe, velo ni baiskeli na dogi ni huyo huyo. Ikiwa silinda ni fupi basi huenda ni ya milimita 6.35, risasi iliyokuja na bastola ndogo za Browning mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo tunasogea mbele miaka kumi au zaidi. Triga inakunjwa ili isikwame mfukoni.

Mkizihifadhi msizirudishe kwenye yale matambara kwa muda mrefu, kitambaa kinanyonya unyevu kinaulaza juu ya chuma. Na kama kulikuwa na mfuko wa ngozi usiuache na silaha ndani, ngozi inakula chuma, lakini usiutupe, ugeuze uangalie mhuri na mwaka nyuma, mifuko ya kijeshi mara nyingi imegongwa. Kila karatasi iliyokuwa sandukuni iache pamoja na silaha yake, risiti, kibali cha zamani, picha ya babu akiwa na sare kama ipo. Bibi au mzee yeyote anayekumbuka babu aliipataje ile ya kijivu mrekodini kwenye simu wiki hii, hadithi bila karatasi haina bei ila ikikutana na barua ya kiwanda inayotaja mahali pale pale inageuka kitu kingine.

Ukishamalizana na ofisi ya leseni, na fundi amethibitisha zote tupu, nipigie picha hizi: Victory uso wa nyuma wa silinda na sehemu bapa chini ya mtutu, bundi anaangalia wapi na springi ikoje, na hicho kibelgiji silinda yake ikiwa kando ya rula pamoja na ule muhuri wa ELG kwa karibu kabisa. Namba nzima ya Victory usiiweke hadharani, funika tarakimu tatu za mwisho kwa kidole. Kaka naye mwache kwanza na ile inayong'aa.